Domeni ni mali yako au umepangishwa tu? Umiliki, ulanguzi na soko huria

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna jambo nimelibeba moyoni muda mrefu, leo naliweka hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilipoteza jina la domeni, yaani anwani ya tovuti, nililolitumia kwenye kazi zangu tangu siku ya kwanza. Sikudukuliwa wala sikushtakiwa. Fundi aliyenitengenezea tovuti alilisajili kwa jina lake na barua pepe yake, nami kila mwaka nikawa namrudishia pesa nikiamini nalipia kilicho changu. Tulipokosana kuhusu malipo ya kazi nyingine kabisa, jina likaondoka naye. Nilimwandikia msajili, yaani kampuni inayosajili majina hayo, nikajibiwa kwa sentensi mbili: wanayemtambua ni yule aliyeandikwa kwenye rejista. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi daftari nilimwachia mtu mwingine alishike.

Tangu hapo nimesoma kesi nyingi za majina haya, na kuna kitu kinanisumbua kila mjadala wa aina hii unapozuka. Watetezi wa soko huria husema, "Aliyewahi amepata, anayelitaka anunue." Wapinzani wao husema, "Hao ni walanguzi, wanyang'anywe." Pande zote mbili zinaruka swali la kwanza: hicho kinachouzwa ni kitu gani hasa? Soko haliwezi kusimama juu ya kitu ambacho haijulikani kama kinamilikiwa au kinakodishwa.

Mfumo wa majina ya domeni ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Kwa miaka kumi iliyofuata ulikuwa unaomba, unapewa, hulipi kitu. Ada ilianza Septemba 1995, dola 100 kwa miaka miwili. Mwaka mmoja kabla, Machi 1994, Jon Postel, mmoja wa watu waliousimamia mfumo huu tangu utotoni mwake, aliandika kwamba kuhangaikia "haki" na "umiliki" wa domeni si jambo la mahali pake. La kuhangaikia ni "majukumu" na "huduma" kwa jamii. Alikuwa akiwalenga wasimamizi wa domeni za ngazi ya juu, lakini maneno yale yanaonyesha waasisi waliwazaje. Hawakujenga soko. Walijenga daftari la anwani, soko likaja likaingia ndani.

Mwaka huohuo wa 1994 Gary Kremen alisajili sex.com. Mwaka uliofuata mtu aitwaye Stephen Cohen alipeleka barua ya kughushi kwa Network Solutions, kampuni iliyokuwa ikisajili majina, ikidai kwamba kampuni ya Kremen imemfukuza Kremen na imeamua kuliachia jina. Network Solutions wakalihamisha bila kumuuliza mwenyewe. Kremen alipambana miaka mitano hadi mahakama ikaamuru arudishiwe jina, kisha mwaka 2001 akapewa hukumu ya dola milioni 65. Cohen akawa ameshatorokea Mexico. Kremen akamgeukia msajili: ninyi ndio mliotoa mali yangu. Mahakama ya chini ikakataa, kwa hoja kwamba domeni haishikiki mkononi. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa ya Marekani ikaipindua hoja hiyo: domeni ni mali, ina mipaka inayoeleweka, ina mwenyewe mmoja, na kuisajili ni sawa na mtu kwenda ofisi ya ardhi kuandikisha kiwanja chake.

Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya jimbo la Virginia ilikuwa imesema tofauti. Kampuni ya Umbro ilitaka kukamata majina ya domeni ya mdaiwa wake ili yauzwe kulipa deni. Mahakama ikakataa: mwenye domeni ana mkataba wa huduma tu. Nchi moja, mahakama mbili, na mtu aliyelipia jina lake anakuwa mwenye mali au mpangaji kutegemea amesimama wapi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Aliyewahi kwa nia njema alindwe kikamilifu, dhidi ya mwizi, dhidi ya msajili mzembe, na dhidi ya kampuni kubwa iliyochelewa kuamka. Anyang'anywe pale tu anapoliuza au kulitumia jina kwa kuwadanganya watu kwamba yeye ni mwingine. Bei kubwa peke yake si udanganyifu.

Karibuni.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, nakuunga mkono nusu, nusu nyingine umelegea. Kwa nini uweke hata hilo sharti la mwisho? Alama ya biashara yenyewe ni upendeleo unaotolewa na serikali, tena kwa aina fulani ya bidhaa na ndani ya mipaka ya nchi fulani. Kampuni mbili zinaweza kutumia neno moja, moja inauza rangi nyingine inauza viatu, na hakuna ugomvi. Kwenye intaneti jina ni moja kwa dunia nzima. Nani kasema mwenye alama ndiye mwenye haki zaidi?

Mwaka 1994 mwandishi wa habari Joshua Quittner alisajili mcdonalds.com. Aliwahi kuwauliza McDonald's wenyewe, akaona hawalijali. Mwishowe aliwaachia baada ya wao kukubali kutoa dola 3,500 za vifaa vya kompyuta kwa shule moja. Hakuna jaji aliyehitajika. Watu wawili wamekaa, wamekubaliana bei, shule imefaidika. Hilo ndilo soko.

Linganisha na Dennis Toeppen. Alisajili panavision.com, jina la kampuni ya kamera za sinema, akaweka humo picha za mji wa Pana ulioko Illinois. Panavision walipomwandikia, akaomba dola 13,000. Wakakataa, wakaenda mahakamani, wakashinda mwaka 1998. Nina uhakika mawakili walikula zaidi ya hizo 13,000. Kwa nini tumwite yeye mwizi? Hakumwibia mtu. Jina lilikuwa wazi.

#3 – Mchangiaji

#2, samahani, hapo nakupinga kwa nguvu zote. Huyo Toeppen alikuwa na zaidi ya majina mia, mengi yakiwa ya kampuni ambazo hahusiani nazo. Na Panavision walipomkatalia bei yake, akaenda akasajili panaflex.com, jina la kamera zao. Huo si uvumbuzi, ni kumkalia mtu mlangoni.

Mlanguzi wa nafaka angalau ameihifadhi, amelipia ghala, amebeba hatari ya kuoza. Anayehodhi majina ameongeza nini duniani? Thamani ya panavision.com ilitengenezwa na wafanyakazi wa Panavision kwa miongo kadhaa. Yeye alilipa ada ya usajili, akakaa kivulini.

Na tusisahau wale wabaya kabisa. Mtu anasajili jina linalofanana na la benki, herufi moja imebadilishwa, anaweka ukurasa unaofanana, wazee wanaingiza nywila zao. Mama yangu mzazi amewahi kuingia kwenye mtego wa namna hiyo. Mimi sitaki kusikia habari za soko huria hapo.

#4 – Mleta mada

#3, pole sana kwa mama. Hilo la kuiba nywila ni wizi, na wizi haujawahi kuwa sehemu ya soko huria. Hata anayeamini soko kuliko wote anakubali kwamba ulaghai unavunja mkataba. Hapo tuko pamoja.

Kuhusu Toeppen, nakubaliana na hukumu ila si kwa sababu zako. Kosa lake si kukaa kivulini. Kosa ni kwamba jina lile halikuwa na maana nyingine yoyote isipokuwa Panavision. "Panavision" si neno la kamusi. Mnunuzi alikuwa mmoja tu duniani, na bidhaa yenyewe ilikuwa ni kuzuiwa kwake. Mtu aliyesajili neno kama "mkate" au "safari" miaka thelathini iliyopita hajamzuia yeyote. Amekalia neno la wote kwa sababu aliwahi, kama mwenye kiwanja cha kona. Huyo aombe bei anayotaka. Walanguzi wa majina ya watu na wafanyabiashara wa maneno ya kawaida wanatupwa kapu moja kila siku, na kinachoniudhi ni kwamba kampuni kubwa zinalipenda kapu hilo.

Tazameni sheria yenyewe. ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998 kusimamia majina haya, lilipitisha mwaka 1999 utaratibu wa kutatua migogoro unaojulikana kwa kifupi kama UDRP. Anayelalamika lazima athibitishe mambo matatu kwa pamoja: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, aliyelisajili hana haki wala maslahi halali nalo, na lilisajiliwa NA linatumiwa kwa nia mbaya. Hiyo "na" ndiyo roho ya sheria. Ukisajili kwa nia njema, huwezi kunyang'anywa.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mwanzoni kabisa, mwaka 2000, katika shauri la Telstra, kampuni ya simu ya Australia, jopo la waamuzi wa utaratibu huo liliamua kwamba hata kutofanya chochote na jina kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kulitumia kwa nia mbaya. Kwa mazingira ya shauri lile uamuzi ulikuwa wa haki: alama inajulikana mno, na aliyelisajili jina alificha utambulisho wake. Tatizo ni walalamikaji waliokuja nyuma wakiushika kama fimbo dhidi ya mtu yeyote mwenye ukurasa mtupu. Mwaka huohuo wa 2000 mwimbaji Madonna alipewa madonna.com, lakini Sting alikataliwa sting.com, kwa kuwa "sting" ni neno la kawaida la Kiingereza na aliyekuwa nalo alilitumia kama jina lake la utani kwenye michezo ya kompyuta. Mimi ule uamuzi wa Sting ndio ningeubandika ukutani. Umaarufu haukugeuzwa kuwa hatimiliki ya kamusi.

#5 – Mchangiaji

Nimesoma wote, niongeze kisa kimoja. Uzi Nissan, Nissan likiwa jina la ukoo wake, aliitumia Nissan kibiashara tangu mwaka 1980, akasajili nissan.com mwaka 1994 kwa kampuni yake ya kompyuta. Desemba 1999 kampuni ya magari ikamshtaki, ikidai dola milioni 10. Alibaki na jina lake hadi alipofariki mwaka 2020, ila miaka aliyoitumia mahakamani hakuna aliyemrudishia. Jina lake la kuzaliwa! Mniambie aliyeshinda hapo alishinda nini.

Na kuna lile la france.com. Jean-Noël Frydman alilisajili mwaka 1994, akaendesha tovuti ya utalii zaidi ya miaka ishirini. Serikali ya Ufaransa ikashinda kesi kwenye mahakama zake yenyewe, na mwaka 2018 msajili akalihamisha jina bila malipo. Alipoishtaki Ufaransa huko Marekani, mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikasema dola ya kigeni ina kinga, haishtakiki. Mtu amebaki mikono mitupu.

#6 – Mchangiaji

Swali kwa #1 na #2. Hiyo UDRP si sheria ya bunge, ni mkataba unaokubali unaposajili. Sasa ninyi wa soko huria mnalalamikia nini? Umesaini mwenyewe. Kama hutaki, usisajili.

#7 – Mleta mada

#6, nimeshukuru kwa swali hili, maana ndilo lilinifanya nikae na karatasi usiku mzima.

Ni kweli ni mkataba. Lakini mkataba wa soko una kitu kimoja: ukiukataa kwa huyu unakwenda kwa yule. Hapa kila msajili wa .com, .org, .net na wenzao analazimika kuweka kifungu hichohicho. Hakuna duka la jirani. Na kuna mlalamikaji ambaye wala si sehemu ya mkataba wako, lakini ndiye anayechagua kituo cha kusikiliza shauri kati ya vilivyoidhinishwa. Kituo kinaishi kwa ada za walalamikaji. Sisemi majopo yamenunuliwa. Nimesoma maamuzi mengi ya haki kutoka humo. Nasema anayechagua mizani si yule anayepimwa.

Halafu angalieni uzito wa makosa. WIPO, kimojawapo cha vituo hivyo, hutoza dola 1,500 kwa shauri la jopo la mtu mmoja lenye hadi majina matano. Unayelalamikiwa una siku 20 za kujibu, na ukitaka jopo la watu watatu unachangia gharama. Ukishindwa unapoteza jina. Mlalamikaji akishindwa hapotezi kitu zaidi ya ada yake. Hata jopo likitamka wazi kwamba alijaribu kumpora mwenye jina kwa kutumia vibaya utaratibu huu, adhabu yake ni kutamkiwa hivyo, basi. Hakuna faini, hakuna kumrudishia mwenzake gharama. Wakati huohuo sheria ya Marekani ya mwaka 1999 dhidi ya wahodhi wa majina inaruhusu fidia ya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila domeni. Upande mmoja una meno, mwingine hauna. Ningepewa kurekebisha jambo moja tu, ningeanzia hapo.

Tena, #2, hebu tuwekane sawa kuhusu neno "soko huria" lenyewe, kwa sababu daftari kuu la majina yote ya .com lina mtunzaji mmoja tu, kampuni ya Verisign. Wasajili wanashindana mbele, nyuma yao kuna mlango mmoja. Ada anayowatoza wasajili kwa kila jina kwa mwaka imefungwa na mkataba: dola 7.85 kuanzia 2012, ikaanza kupanda 2021, ikafika 10.26 Septemba 2024. Ukiondoa ukomo huo kwa jina la soko huria, huleti ushindani, unamwachia mwenye mlango apandishe kodi kwa watu waliokwisha kuchapisha anwani zao kila mahali. Mtu wa .org atakumbuka: Juni 2019 ukomo wa bei uliondolewa, Novemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba daftari lote litauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital kwa zaidi ya dola bilioni moja. Mashirika ya hisani yakapiga kelele dunia nzima, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN ikakataa kuidhinisha. Nilifurahi, na bado najiita mtu wa soko. Kuhama domeni si kama kubadilisha muuza nyanya; ukihama unaacha barua zako zote nyuma.

Na mfano mmoja wa kinyume, ambapo bei ilifanya kazi kuliko polisi. Zamani ukisajili jina ulikuwa na siku tano za kulirudisha bila gharama. Watu wakawa wanasajili mamilioni, wanayajaribu kwa matangazo, wanarudisha yasiyoingiza kitu, bure kabisa. Mwaka 2008 ICANN ikaanza kutoza ada kwa marejesho yaliyozidi kiwango. Ndani ya mwaka mmoja mchezo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Hakukuwa na jopo wala jaji. Walihodhi kwa sababu kuhodhi kulikuwa bure.

#8 – Mchangiaji (#2)

Mkuu #7, hilo la mtunza daftari mmoja nimelikubali. Nilikuwa nawaza soko la majina, sijawaza soko la daftari. Ila kuhusu jina lisilo na maana nyingine isipokuwa la kampuni fulani, bado nashikilia kwamba mahakama zinapaswa kuona ushahidi wa udanganyifu, si kukisia nia ya mtu moyoni.

#9 – Mleta mada

Hapo hatuko mbali. Nia haionekani, lakini hujulikana kwa matendo: kumwandikia mwenye alama mwenyewe ukimtaka anunue, kusajili mfululizo wa majina ya kampuni za wengine, kuficha utambulisho, kuweka ukurasa unaomwigiza. Sheria inavitaja vingi kati ya hivi. Nisichokubali ni mtu kuonekana na hatia kwa sababu aliandikiwa barua na kampuni, akajibu, "Ninauza kwa bei hii." Aliyeanza mazungumzo nani?

#10 – Mchangiaji

Wakubwa, mimi si mwanasheria. Kilichonitisha ni kile kisa cha mwanzo cha fundi. UDRP haikukusaidia? Na sisi wa kawaida tujilinde vipi?

#11 – Mleta mada

#10, haikunisaidia. Lazima uwe na alama ya biashara, au uthibitishe kwamba jina linajulikana kwa watu kama lako. Zaidi ya hapo, fundi alilisajili kwa idhini yangu, na jopo linaweza kusema huu ni mgogoro wa mkataba, nendeni mahakamani. Kwenda mahakamani kungenigharimu kuliko jina lenyewe.

Cha kufanya ni kidogo, ila kifanye leo. Ingia kwenye akaunti ya msajili kwa nywila yako mwenyewe. Kama huna akaunti, hilo tayari ni jibu. Aliyeandikwa kuwa mmiliki awe wewe au kampuni yako. Barua pepe iliyoandikwa pale isiwe ya domeni hiyohiyo, kwa sababu jina likizimika na barua pepe inazimika, na hapo hutapata hata taarifa za kukuokoa. Funga kufuli ya uhamisho, na ile namba ya siri ya kuhamishia usimpe mtu. Tunza risiti zote, hata za zamani.

Ukichelewa kulipia, usikate tamaa mara moja. Kwa .com na nyingi za aina yake msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo kuna programu zinazolivizia sekunde lilipofunguka. Domeni za nchi zina taratibu zake, zisomwe kwenye rejista husika.

#12 – Mchangiaji (#10)

Nimeingia kuangalia sasa hivi. Mmiliki ameandikwa jina langu. Barua pepe ni ya kijana aliyenitengenezea tovuti, na linaisha baada ya wiki tano.

#13 – Mleta mada

Mnaelewana naye?

#14 – Mchangiaji (#10)

Tunaelewana vizuri. Nimempigia, anasema hakujua kama ina shida. Tunakaa pamoja kesho, abadilishe mbele yangu.

#15 – Mleta mada

Ukimaliza, ingia tena mwenyewe ukiwa peke yako, ubadilishe nywila, kisha ulipie miaka mingi kadiri utakavyoruhusiwa. Urudi hapa utuambie.